Uzi Uliokatika Katika Kwaya

Jumatatu, 3 Machi

Naahidi kuandika yote, hata yatakayoniaibisha. Nakuandikia wewe, Mtume Paulo, kwa sababu Wakorintho walikuandikia maswali yao ukawajibu, na wale walikuwa watu wa fujo. Mimi nina miaka kumi na minne na sijawahi kuchelewa ibada.

Hali ni hii. Vijana wa kanisa letu tumegawanywa. Wanaonena kwa lugha watakwenda kuhubiri stendi ya mabasi Jumamosi ya wiki ijayo, na watashika kipaza sauti. Wasionena watabeba viti. Mimi ni wa viti.

Moto ni wa kipaza sauti. Ni binti wa mchungaji, tunasoma darasa moja, na jina hilo la Moto alijipa mwenyewe. Hunena kila Jumapili, maneno yale yale kwa mpangilio ule ule, hata ningeweza kumkumbusha akisahau. Katika mtihani wa dini alimweka Yona ndani ya safina. Huyo ndiye atakayewaonyesha abiria njia ya wokovu.

Si wivu. Ni huzuni ya kiroho.

Jumatano, 5 Machi

Mafunzo ya Biblia. Alifundisha Mama Mfasiri, yaani mke wa mchungaji, mama yake Moto. Tunamwita hivyo kwa sababu yeye ndiye mwenye karama ya kufasiri: mtu akinena, yeye hutuambia kilichosemwa. Leo alisema asiyenena kwa lugha hajampokea Roho, amepokea maji tu.

Nikanyoosha mkono. Nikasema Mtume mwenyewe anauliza kama wote hunena kwa lugha, na ukisoma vizuri unaona anatarajia jibu la hapana. Akaniambia Biblia husomwa kwa Roho, haisomwi kwa kidole. Watu wakacheka sana. Kweli nilikuwa nimeweka kidole kwenye mstari. Nifanyeje, maandishi ni madogo!

Hapo akasimama mama yangu. Mama ni mwalimu wa Kiswahili shule ya msingi na ndiye anayeongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya. Tangu baba afariki haimbi nyumbani. Ukitaka kuisikia sauti yake, sharti uje ibada ya pili. Alisema kwa upole kwamba sura inayofuata inaeleza habari za mtu mwenye lugha zote asiye na upendo, na kwamba huyo ni upatu unaovuma tu.

Mama Mfasiri akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu anayekunja kitu vizuri na kukiweka kabatini.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango wa kwanza: kufunga. Sikula mchana. Badala ya Roho nikashukiwa na kizunguzungu katika somo la hisabati.

Mpango wa pili nilipewa na Moto, baada ya kumfanyia kazi yake ya jiografia. Alisema nirudie neno "utukufu" upesi upesi mpaka ulimi uteleze wenyewe. Nimelirudia jioni nzima. Utukufu uligeuka tufukutu, tufukutu ikageuka kwikwi. Mama akaniletea maji na kuniuliza nimekula nini. Nikamjibu kwamba nimekula neno la Mungu. Akasema basi halikutafunwa.

Jumapili, 9 Machi

Nimenena! Halikuwa jambo la kupanga.

Ngoja, niliahidi ukweli. Nilipanga tangu jana. Niliwaza hivi: lugha ya malaika siijui, lakini ngeli zote za Kiswahili nazijua, mama alinifundisha jikoni tukichambua mchele hata kabla sijaanza shule. Kinanda kikipigwa kwa nguvu, nani atatambua sarufi?

Basi watu walipokuwa wakiomba wote kwa pamoja nikafumba macho, nikainua mikono, nikaanza. Awa, ui, liya, kivi, izi, uzi, ku, pamuku! Mara ya pili nikaongeza kasi. Mara ya tatu machozi yakanitoka, na hayo hayakuwa kwenye mpango. Sijui yalitoka wapi. Kwa kitambo kidogo nilidhani huenda Roho amekuja kweli, akaona nimeacha mlango wazi.

Nilipofumbua macho kinanda kilikuwa kimenyamaza. Mama Mfasiri alikuwa ameshika kipaza sauti.

"Mmesikia wenyewe," alisema. "Roho ametaja uzi. Ndani ya kwaya kuna uzi uliokatika. Usipotolewa, vazi zima litafumuka."

Kisha akageuka polepole, akaitazama sauti ya kwanza, akamtazama mama yangu. Kanisa zima likatazama naye. Mchungaji akasema amina.

Nilitaka kupiga kelele kwamba U-ZI ni ngeli tu, ya ukuta na kuta, ya ufunguo na funguo! Na ingawa uzi wenyewe umo humo, haikuwa zamu yake! Wanasema ulimi hauna mfupa. Wangu leo ulikuwa mfupa mtupu.

Baada ya ibada Moto alinikumbatia mbele ya watu, nikaondolewa kwenye viti nikaingizwa kwenye kipaza sauti. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu niliahidi. Nilifurahi kutoka mlangoni hadi kwenye bomba la maji. Hapo nikamwona shemasi akimweleza mama kwamba apumzike kuimba kwa muda, na joho alirudishe likiwa limefuliwa.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda kuungama. Mchungaji alikuwa ofisini akitengeneza waya wa spika. Nikamwambia zile zilikuwa ngeli. Akauliza ngeli ni nini. Nikamfafanulia zote, pamoja na mifano. Alisikiliza vizuri sana, akafuta macho. Kisha akaniambia, binti yangu, usishangae, shetani hupenda kumwibia mtu karama ingali mbichi, na silaha yake kubwa ni elimu.

Nikasema tena kwamba niliigiza. Akasema huo ni unyenyekevu.

Nikaomba basi angalau mama arudishwe kwenye kwaya, kwa sababu mimi ndiye niliyenena na sikumaanisha yeye. Akajibu kwamba neno likishafasiriwa si mali ya aliyelinena. Na kuhusu tafsiri, alisema hajawahi kumwona mke wake akikosea tangu wafunge ndoa. Alisema hivyo kwa sauti ya chini, akiutazama mlango.

Nimetoka na majukumu mapya. Nitafungua mkutano wa stendi kwa lugha.

Alhamisi, 13 Machi

Jioni hii mama alikuwa akipiga pasi lile joho. Nilisimama mlangoni. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu shuleni, yenye utangulizi na hitimisho. Nikaanza kusema kwamba kuna jambo kuhusu Jumapili.

Hakuinua kichwa. "Uliruka U-YA," alisema.

Sikuelewa.

"Baada ya U-ZI inakuja U-YA. Ugomvi, magomvi. Uovu, maovu. Uliiruka mara zote tatu."

Kumbe alijua. Alijua pale pale, amesimama na kwaya, watu wote wakimtazama. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaendelea kupiga pasi mkono mmoja wa joho.

"Ningesema nini, mwanangu? Kwamba Roho hakuwa nawe? Mimi sijui alikuwa na nani siku ile. Nilijua tu kwamba nikisema, watakucheka tena kama walivyokicheka kile kidole chako."

Nikaahidi kwamba nitawaambia wote mwenyewe. Akasema mchungaji amekwisha mpigia simu kumsifu kwa kulea mtoto mnyenyekevu. Alicheka kidogo. Hakikuwa kicheko ambacho mtu angetamani kukisikia mara mbili.

Akaniomba nishike upande wa pili, tukalikunja pamoja. Tulipofika kwenye kola nilimsikia akianza ule wimbo wa ibada ya pili kwa pumzi tu, mdomo umefungwa. Akaukatiza katikati, akatafuta mfuko wa kutilia joho.

Ijumaa, 14 Machi

Joho limerudishwa leo. Moto anasema litakuwa la mama yake, ila litapunguzwa urefu.

Sikulala vizuri, nimetafakari, na kosa langu nimeliona waziwazi. Nilichagua maneno yenye maana! Uzi ni kitu, mtu yeyote anaweza kuushika na kuuvuta. Ningetumia viambishi vya nyakati, haya yote yasingetokea. Nimevijaribu mbele ya kioo: me, li, na, hu, ka, ta. Haraka haraka: melinahukata. Hakuna neno hata moja humo la kumdhuru mtu.

Kwa hiyo Jumapili nitanena tena. Na safari hii simwachii Mama Mfasiri kipaza sauti, kwa kuwa kesho stendi kitakuwa mkononi mwangu na sikusudii kukirudisha mapema. Nitafasiri mwenyewe. Roho atasema mama arudi sauti ya kwanza, joho lisipunguzwe, na mke wa mchungaji abebe viti. Hilo la viti sijaamua, nisije nikaonekana nina chuki.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi sijafikia umri huo.

Sasa, Mtume, swali langu ni moja tu, na naomba jibu lifike kabla ya ibada ya pili. Uliandika kwamba anenaye kwa lugha aombe apewe na kufasiri. Nami nimeomba. Je, kuna ubaya wowote nikianza na tafsiri, nikaipanga vizuri nyumbani, ndipo nikatafuta lugha ya kuitangulia?