Hadithi Nne, Bahasha Nne

Jumatatu, 7 Oktoba
Wiesława anasema kabichi ya kuchachusha kwa msimu wa baridi ikishaingia pipani, anahamia kwa dada yake Lublin. Kisa: miaka thelathini na nane ya ndoa sijamwambia neno la maana. Mimi, niliyetengeneza bomba la jikoni mara sita! Lakini roho inaniuma. Maktaba ya mji ina shindano la hadithi fupi. Itakayoshinda itasomwa mbele ya watu. Nitashinda, atasikia, atabaki.

Jumatano, 9 Oktoba
Nimesoma hadithi fupi za siku hizi tangu asubuhi. Aina zake, Mungu wangu! Moja haina nukta hata moja. Nyingine, marehemu wanakuja kula Jumapili na kulalamikia supu ya kuku. Nyingine, mama wa ghorofa ya nne anagombana na lifti. Ya mwisho bibi anamenya viazi tu, basi, na nimelia. Waamuzi watapenda ipi? Nitaandika za aina zote nne.

Alhamisi, 10 Oktoba
Sheria: juu ya hadithi unaweka neno la siri, jina lako linafungiwa kwenye bahasha. Kila mtu hadithi moja. Hapo ndipo akili inapohitajika. Isiyo na nukta, jina langu. Lifti, la kinyozi. Marehemu, la mama mkwe. Ile ya Wiesława akishindilia kabichi huku akijiimbia ni ya kawaida mno. Nimempa shemeji Gerwazy, kaka yake.

Ijumaa, 25 Oktoba
Bahasha ya mshindi imefunguliwa. Gerwazy! Mtu asomaye bei za mbolea tu. Akapokea maua, akainama bila haya. Hadithi iliposomwa, Wiesława alininong'oneza kwamba kaka yake hajui kabisa kuwa yeye huimba akiwa peke yake. Akauliza mbona nimekuwa mwekundu. Nikasema ni joto. Akanishika mkono mpaka mwisho.

Jumamosi, 26 Oktoba
Sanduku lake limerudi juu ya kabati. Anabaki, kasema, kwa kuwa sasa anajua nilikuwa namtazama. Ila neno lijalo nimwambie kwa mdomo, jikoni, tukiwa wawili. Nimekubali kwa moyo wote.

Jumapili, 27 Oktoba
Nimejaribu. Nimefungua mdomo, nikamwuliza chumvi iko wapi. Kumbe mji wa Kielce nao una shindano mwezi Desemba. Hadithi nane, bahasha nane. Gerwazy amekubali kuniazima jina tena, mradi maua yawe yake.