Mboko Imejibu Salama

Jumatatu, 3 Juni 2024, Baraka
Abiria wawili, kiti kimoja. Nusura wapigane. Boti ya Mama Bushira hutoka hapa, hupitia Mboko, huenda Uvira. Mimi nauza viti hapa kwa kompyuta, Swedi anauza Mboko kwa yake. Rezo, yaani mtandao, ikikatika, hakuna anayejua mwenzake kauza nini. Kioo changu kiliandika siku nzima kwamba Mboko iko hewani. Uongo! Ilikatika tangu asubuhi. Mama Bushira amesema ikirudia, kazi anampa Néhémie, fundi simu wa sokoni. Ajabu, Néhémie alikuwa anapita hapo saa ile ile.

Jumanne, 4 Juni
Dawa imepatikana. Kila dakika kompyuta yangu itaisalimia ya Mboko. Ikinyamaza, naacha kuuza. Ikiwa na shida, itaisema. Ila kwanza itajibu Salama, shida baadaye. Mimi nimelelewa. Siwezi kutengeneza mashine inayojibu salamu kwa matatizo.

Jumatano, 5 Juni
Néhémie amepita, eti kunijulia hali. Amechungulia. Akasema shida itangulie, Salama ije tu viti nilivyouza vikishafika kwa Swedi, maana rezo ya hapa hupitisha neno moja, la pili linabaki njiani. Nani kamuuliza? Nimemwambia mchimba kisima huingia mwenyewe. Akacheka. Nimebadilisha neno la siri na kufunika kioo kwa kitenge.

Ijumaa, 7 Juni
Asubuhi yote Mboko imejibu Salama. Nimeuza kwa raha. Mama Bushira mwenyewe kasafiri, kiti namba moja. Kufika Mboko, kapanda Pasteri Ntakirutimana na tiketi yake: kiti namba moja. Mama ni Mwislamu, lakini hawezi kumwinua mtumishi wa Mungu. Amekwenda Uvira juu ya magunia ya ndagala.
Swedi kapiga simu. Anasema mashini yake iko inalia tangu asubuhi, haikupata hata kiti changu kimoja. Kwangu limefika neno la kwanza tu. Nani anakula maneno ya pili? Namjua.

Jumapili, 9 Juni
Mama karudi. Niliogopa sana. Nikamsalimia pale mlangoni, akajibu salama, mwanangu. Alikuwa bado anasema, lakini moyo wangu ulishatulia, nikaingia ndani kumshukuru Mungu.
Mchana Néhémie amekuja na pikipiki kubeba kompyuta. Anadai katumwa na Mama. Mwongo huyu! Mama mwenyewe ameniambia salama leo hii.