Ombi la Kuondolewa kwa Pipa la Mifupa

Kimali,
14 Agosti 1977

Kwa Bwana Maji, Bariadi

Ndugu,

Sijawahi kumwambia mtu jambo hili: barua ya mwaka jana iliyoomba chujio la maji, ile iliyotiwa sahihi "Wananchi Wote", niliiandika peke yangu. Nilikuwa nimesoma katika kitabu cha kemia kwamba floridi iliyomo kisimani ndiyo inayotutia meno rangi ya kahawia, na kwamba makaa ya mifupa ya ng'ombe huinasa. Mlikuja upesi mkafunga pipa la makaa hayo kisimani. Nashukuru. Sasa naomba kwa heshima mje mliondoe, kwa sababu hizi:

1. Mifupa mliyochoma ilikuwa ya yule maksai wa Mzee Salu aliyechinjwa kwa kuvunjika mguu. Tangu hapo Mzee Salu hukaa kando ya pipa akisalimu wachotaji, "Mwangaluka, wanangu! Ng'ombe wangu anawafaa?" Anasema waliokula ng'ombe mmoja ni ndugu, na kumnywa ni zaidi ya kumla. Kwa hiyo alituita sote tukampalilie pamba kama watoto wake. Tulienda.

2. Kwa kuwa sasa ni ndugu, hatuwezi kuoana. Vijana watatu wameacha maji ya pipa ili wasijifungie njia. Mimi bado nakunywa, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

3. Kamati ya kijiji iliniita nieleze pipa linavyofanya kazi. Sauti yangu ni ndogo, lakini nilieleza: mfupa hutoa chembe yake na kupokea ya floridi badala yake. Mwenyekiti Mayala akauliza, "Kumbe linabadilishana?" Nikasema ndiyo. "Kwa kibali cha nani?" Imeandikwa katika kumbukumbu za kikao kwamba pipa linaendesha biashara binafsi.

4. Makaa yakishatoa chembe zake huchoka, na lazima yabadilishwe. Nilipoomba mifupa mipya, kamati ilisema hapa kijijini hakuna anayepumzishwa kwa kuchoka baada ya miezi mitano tu. Pipa limepewa onyo kwa maandishi.

5. Kubwa kuliko yote, meno ni kitambulisho chetu. Ukifika Bariadi dukani kwa Bwana Uledi bila barua ya mwenyekiti, anasema tu, "Hebu cheka, binti," na papo hapo anajua umetoka kwetu. Mdogo wangu Milembe ana miaka mitatu, na meno yake ya ukubwani bado hayajaota. Yakiota meupe, nani ataamini kuwa ni ndugu yangu?

Nakusalimu wewe, jamaa zako, dereva aliyeleta pipa, na karani atakayeisoma barua hii kabla yako. Kijiji kizima kinakusalimu, ingawa hakijui kwamba naandika.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Eufrasia Nkwabi
Kidato cha Tatu

Nyongeza: Tafadhali msije kabla ya mwaka 1982. Kitabu kinasema meno ya ukubwani huharibiwa na floridi yakiwa bado ndani ya ufizi, mpaka mtoto afikishe kama miaka minane. Yangu hayabadiliki tena, kwa hiyo mimi sina haraka. Leo kamati ilipokuwa kikaoni nilichukua mifupa niliyoomba buchani, nikaichoma katika tanuri la matofali, nikaitwanga kwa kinu cha mama, nikaijaza pipani badala ya ile iliyochoka. Maji ya kwanza yalitoka meusi, nikayamwaga. Ya pili nilikunywa mwenyewe, nikasubiri mpaka saa kumi, sikuumwa. Ya tatu nilimpa Milembe.