Bunduki ya Upepo, Mafuta ya Sangara na Mama Mkwe

Leo nimeaibika jamani, na aibu yenyewe nimeipata mbele ya mama mkwe. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa majirani, maana watu wa Mugango wataongeza chumvi (na hii haihitaji chumvi).

Ni hivi. Mimi na mke wangu Nyangeta tunaanikaga dagaa hapa nyumbani, juu ya mawe ya karibu na ziwa. Wiki hii mama mkwe ameleta dagaa zake kutoka Nyegina, ndoo sita, tumuanikie. Tatizo ni ndege. Kunguru, yangeyange, na wale mwewe wa ufukweni ambao wanakunyang'anyaga samaki mkononi huku unaona. Juzi walikula mpaka jiwe moja likabaki tupu. Habari ikamfikia mwenye dagaa. Akatuma ujumbe kwa Nyangeta kwamba leo anakuja kuangalia mwenyewe, na akikuta ndege wanajilia anazihamishia dagaa kwa mkwe wake mwingine.

Huyo mkwe mwingine ni mwalimu, kamuoa mdogo wake Nyangeta. Kila tukikutana ukoo mzima, anasifiwa yeye. Shati lake, adabu yake, hata choo chake kimeshasifiwa nikiwa nimekaa hapo hapo. Nikaapa kwamba dagaa hazitoki hapa.

Mnijue pia kitu kimoja. Kwetu mama mkwe humkaribii. Hamshikani mikono, hamli pamoja, hamtazamani usoni. Ukiwa na neno lake unamwambia mkeo, naye anamwambia mama yake, hata kama wote mko uwanja mmoja na kila mtu kasikia. Nimeoa miaka tisa sasa na hajawahi kuniambia neno yeye mwenyewe. Kumgusa ndiyo usiseme. Hiyo ni faini ya mbuzi, na wazee wanaitwa.

Sasa bunduki. Nina bunduki ya upepo, ile ya kupampu, niliachiwa na mjomba (karatasi zake zipo, msinitishe). Zamani ilikuwaga na nguvu. Siku hizi unapampu mara tano, unafyatua, risasi inatoka kwa uchovu na kuanguka hapo mbele ya miguu yako. Kunguru wameshaizoea. Mmoja alishawahi kuisogelea aitazame vizuri. Mimi hata sikutaka kuua ndege. Nilitaka risasi ifike kwenye debe bovu kule mwisho wa mawe, ipige kwa kishindo, ndege wahame ukoo mzima. Kwa hiyo leo asubuhi nikaamua kuiongezea nguvu mwenyewe.

Nikaifungua juu ya meza ya chakula. Magesa, fundi wetu wa pikipiki, akapita akaniona. Akaniuliza kama nimewahi kufungua kitu cha namna hiyo. Nikamwambia pampu ya bunduki na pampu ya baiskeli ni mtu na ndugu yake. Akanishauri niipeleke Musoma mjini kwa mtu anayejua. Nikamshukuru, nikamtakia kazi njema. Mimi nikishika jambo siliachi, hata lenyewe likitaka kuniacha.

Ndani nikakuta washa ya ngozi, ile inayobana upepo, imekauka, upepo unapita pembeni. Nikafurahi sana, maana dawa yake naijua. Sisi watu wa ziwani, kitu chochote kikikauka, kikilia au kikikohoa, tunakipaka mafuta ya sangara. Bawaba ya mlango, mnyororo wa baiskeli, kifua cha mtoto. Mwenye akili angepaka tone moja. Mimi nilichukua mafuta mabichi, yale meupe ya tumboni, kwa kuwa jana tulipasua sangara mzima, nikasindilia humo mpaka kidole kikagoma. Nikafunga. Zikabaki skrubu mbili (nikazitia mfukoni, nikasema waliotengeneza walizidisha).

Nyangeta akaja akanusa. "Baba Nyabise, hiyo bunduki inanuka samaki."

Nikamwambia asubiri ainuse ikishafanya kazi.

Saa nne mama mkwe akafika. Akawekewa kigoda kwenye ukuta wa jiko, akakaa kanipa mgongo, khanga kichwani, kama inavyotakiwa. Majirani nao wakajisogeza (watu wa hapa wana pua ya kunusa kioja). Nikapiga shati jeupe. Nikasimama kwenye mawe na bunduki yangu, kwa sababu nilijua leo ni dagaa kubaki au mwalimu kusifiwa mpaka nazeeka.

Kunguru watatu wakatua. Nikaanza kupampu. Tano. Kumi. Hapo ilishakuwa ngumu, mshipa wa shingo umesimama, lakini mama mkwe alikuwa amegeuza sikio kidogo, nikaona hapana, leo nasikika. Kumi na tano. Kufika ishirini pampu ikagoma kabisa. Nikalenga debe. Nikafyatua.

Haikulia. Ilicheua.

Kumbe yale mafuta yalikuwa yameziba mbele kote, na upepo ulipokosa njia ukarudi nyuma kwa mwenyewe. Ukaja na mafuta yote. Usoni, kwenye nywele, kifuani, vipande vyeupe vya sangara vimening'inia mpaka kwenye sikio. Risasi sijui iliko, nadhani bado imo ndani. Kunguru hawakuruka. Majirani wakageuza nyuso, wale wenye adabu.

Nikawa najifuta macho niseme neno la kujitetea. Ndipo nikasikia mbawa.

Mwewe wa kwanza alichukua kipande cha begani na kidogo cha shati. Wa pili akalenga kichwa. Nikatupa bunduki nikakimbia, na kunguru wakajiunga, sijui nani aliwaita. Nikazunguka jiko mara ya kwanza. Nikazunguka mara ya pili. Macho yamejaa mafuta, sioni mbele, natafuta kitu chochote cha kujificha nyuma yake. Nikakishika. Nikainama nyuma yake, nikajifunika khanga.

Khanga ilikuwa na mtu ndani yake.

Nilipogundua nimemkumbatia mama mkwe wangu, mabega yote mawili, kichwa changu chenye mafuta kiko mgongoni kwake, nilitamani wale mwewe wanimalizie. Nyangeta alifunika uso kwa mikono yote miwili. Bibi mmoja jirani akaanza kusali kwa sauti. Mimi nikatambaa mpaka nyuma ya ukuta nikakaa chini, nikawa nawaza mbuzi nitamtoa wapi na namna mwalimu atakavyosimulia haya mpaka Bunda.

Mama mkwe akanyanyuka taratibu. Sikumwona, nilisikia tu ndala zake zinaelekea kwenye mawe. Akakagua jiwe moja, akaenda la pili, akapita yote. Hakuna dagaa hata mmoja aliyeguswa. Ndege wote wa ufukwe ule walikuwa wameshughulika na mimi.

Ndala zikarudi. Zikasimama upande wa pili wa ukuta, karibu na nilipokaa. Nikangoja amtume Nyangeta, kama siku zote. Hakumtuma.

"Baba," akasema, "kesho jipake tena. Ila ukimbilie upande wa ziwa."

Kwa hiyo dagaa zimebaki, mbuzi wa faini bado anatakiwa, na kesho saa mbili naingia kazini. Anayecheka asije kwangu kuomba mboga.