Kona ya Shangazi

Jumatatu, 3 Juni

Nimepata mteja! Ni shangazi, lakini mteja ni mteja. Yeye anashona nguo, mimi natengeneza programu za kompyuta kwa biashara ndogo, na ofisi yangu ni kona ya duka lake, kati ya pasi na kapu la vitambaa. Fundi simu wa jirani anaimezea mate kona hiyo. Shangazi kanipa mpaka Jumamosi: nimwonyeshe faida, la sivyo nimpishe fundi simu, nikalishe kuku wa mjomba. Kuku! Mimi!

Jumanne, 4 Juni

Wazo limenijia nikipiga mswaki. Programu itawatumia wateja ujumbe siku nguo zao zikiwa tayari. Nimemuuliza shangazi kila nguo itakwisha lini. Hakuinua hata kichwa. Gauni la bibi harusi? Ijumaa. Suruali ya mwalimu? Ijumaa. Sare za kwaya? Ijumaa, mwanangu, hebu niache nifanye kazi. Mwanamke mwenye mipango! Nimejaza zote. Fundi simu kachungulia, kaniuliza kama namjua vizuri shangazi yangu. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Juni

Programu iko tayari. Shangazi bado anakata vitambaa vya sare. Nimemsifu kwa utulivu wake.

Ijumaa, 7 Juni

Ujumbe umeenda asubuhi, kwa watu wote. Sijakaa sawa, duka limefurika! Kwaya nzima mlangoni. Mwalimu kaonyeshwa mguu mmoja wa suruali. Bibi harusi, anayeolewa kesho, kaonyeshwa gauni lisilo na mikono, kaangua kilio. Nilitamani ardhi ipasuke. Shangazi akasema miaka yote yeye husema Ijumaa, na wateja wote wanajua maana yake ni tutaona. Nani kawaambia hii ndiyo Ijumaa yenyewe?

Nikanyoosha mkono.

Akafunga mlango, sote tukiwa ndani. Kwaya ikapewa sindano. Mwalimu akashika pasi. Mimi vifungo, vidole vyote nimejitoboa. Mtu akaanzisha wimbo. Jioni bibi harusi akaondoka na gauni lake, anacheka na kufuta macho. Nampenda shangazi huyu, jamani, hata aliponiita zuzu mbele ya waimbaji wote wa sauti ya kwanza.

Jumamosi, 8 Juni

Nimefungasha kompyuta yangu asubuhi. Fundi simu kaja na meza yake kabisa, kaibeba kichwani. Shangazi kamrudisha nayo: kona ina mtu, na mtu huyo sasa anajua kushona vifungo. Ila programu niifute; nimeifuta papo hapo. Nimemkumbatia mpaka pini za kifuani pake zikanichoma.

Mchana kaingia seremala wa ng'ambo ya barabara. Kaona umati wa jana, naye anataka programu hiyohiyo, ya kujaza watu dukani. Ningeweza kumweleza. Sikumweleza. Kauliza itakuwa tayari lini.

Sijaandika hata mstari mmoja. Nimemwambia Ijumaa.