Jaketi la Ngozi Katikati ya Kiangazi

Jumatatu, 2 Februari

Siku imeanza vibaya, imeisha vibaya zaidi. Asubuhi msimamizi alitukusanya wapeleka dawa wote mbele ya stoo, akatangaza sheria mpya. Kuanzia Jumatatu ijayo, asiye na jaketi la kinga, lenye pedi mabegani, viwikoni na mgongoni, hapandi pikipiki ya kazi. Atakaa stoo kubandika lebo kwenye chupa. Na kama ana njia nzuri, itapewa mwingine.

Njia nzuri ni moja tu, ile ya hospitali za mlimani, na ni yangu.

Mwingine ni nani? Shemeji yangu. Kaka wa mke wangu, ambaye kwa mkosi wangu tunafanya naye kazi. Alisimama pale tayari na jaketi lake jipya la kijivu, la wavu, lina matundu kama chujio la chai. Nikamwambia limefanana na chandarua. Akasema ndiyo, upepo unapita vizuri sana. Hakukasirika. Hicho ndicho kinachonichosha kwake. Hakasiriki.

Mke wangu ni muuguzi, wadi ya mifupa. Nilipomweleza aliacha kukunja nguo, akasema amekuwa akinisihi nivae jaketi tangu tulipooana. Sasa ninunue la wavu kama la kaka yake, joto hili si la mchezo.

Kama la kaka yake. Bora nivae gunia.

Jumanne, 3 Februari

Nimepata! Ngozi halisi. Jeusi, zito, lina zipu kama reli. Nilijitazama kwenye kioo cha muuza mitumba, nikaona mtu ambaye huwezi kumpa chupa abandike lebo. Nikauliza kama lina pedi. Muuzaji akalipiga ngumi begani, akasema ngozi nene namna hii pedi za nini. Nikaona ana hoja.

Hela sikuwa nayo. Tumebadilishana na feni yetu ya mezani.

Mke wangu alirudi kutoka zamu, akakaa pale feni inapopuliza, akangoja. Nikamweleza. Amelala sebuleni kwenye saruji, kuna ubaridi kidogo. Mimi niko kitandani na jaketi mwilini, nalizoea. Sikujua kama kope nazo hutoka jasho.

Jumatano, 4 Februari

Fedheha. Njia ya mlimani, jua la mchana. Ukitembea, jaketi ni oveni. Ukisimama, ni oveni iliyofungwa mlango. Kwenye taa za makutano dunia ikageuka zambarau. Taa ilipokuwa kijani nilisikia honi, lakini mikono haikuwa yangu tena. Nikajilaza upande, mimi na pikipiki, polepole, kama mtu aliyeshiba.

Dawa zilikuwa salama. Mama anayeuza maji alinimwagia chupa nzima shingoni, akawatangazia watu kwamba huyu kavaa kama anakwenda kwenye theluji.

Na nani alikuwa nyuma yangu? Shemeji. Akanisukumia pikipiki hadi kivulini. Chini ya kile chandarua chake shati lilikuwa kavu, limenyooka kama limetoka kwenye pasi. Nikamwomba asimwambie dada yake. Akasema hatamwambia, ila akiulizwa hawezi kudanganya.

Mtu wa aina gani huyu?

Alhamisi, 5 Februari

Nimegundua kosa. Si ngozi, ni upepo kukosa mlango. Nimelipeleka kwa fundi viatu alitoboe. Akasita, akasema ngozi hii imekauka. Nikamkumbusha mteja ni nani. Akatoboa kifuani, mgongoni, mikononi, mistari imenyooka hasa. Kazi ya kupendeza.

Nikalivaa. Nikanyoosha mikono kama nimeshika usukani. Mikono ya jaketi ikaendelea mbele, jaketi likabaki nyuma. Lilichanika kwa kufuata matundu, kama stempu. Fundi akainamia kiatu alichokuwa akishona, akakitazama kwa muda mrefu.

Sina jaketi. Sina feni. Usiku wa leo hata saruji ina joto.

Ijumaa, 6 Februari

Kwa nini ninunue wavu wakati sokoni magunia ya vitunguu yanatupwa? Wavu mtupu! Mwekundu, imara, upepo unapita hadi mbavuni. Jirani mwenye cherehani alishona alichoweza huku akigeuza uso, kwa sababu ya harufu, nadhani. Pedi nimekata kutoka kwenye sponji ya kochi, upande wa chini, ambako hakuna anayetazama.

Nimelijaribu kioo kikiwa mbali. Ukiwa mbali linaridhisha.

Jumamosi, 7 Februari

Mama mkwe amekuja kutusalimia. Akakaa kwenye kochi. Akaendelea kukaa, kwenda chini, hadi magoti yakawa sawa na kidevu. Shemeji na mimi tulimvuta kila mmoja mkono wake. Akauliza sponji imekwenda wapi. Watu wote wakanitazama mimi.

Jumapili, 8 Februari

Leo sina hamu ya kuandika, lakini naandika. Mke wangu alirudi kutoka zamu akakaa mlangoni bila kuvua viatu. Nilidhani ni habari ya kochi. Nikaanza kujitetea. Akaniambia ninyamaze.

"Leo nimetoa kokoto mgongoni mwa kijana wa pikipiki. Kwa kibano, moja moja. Analia, anamwita mkewe. Walipomleta alikuwa kifudifudi, umbo lake kama lako. Nimeinama kumtazama uso kabla ya kufanya chochote."

Nikamuuliza kama atapona. Akasema atapona, ngozi itachukua miezi. Kisha akaingia kuoga, na maji yakaendelea kumwagika hata baada ya muda ambao mtu anaoga.

Chakula kilinishinda. Nilishika sponji ya mgongoni kwenye jaketi langu. Ukiibana inakuwa nyembamba kama karatasi. Nilijua hilo tangu Ijumaa.

Jumatatu, 9 Februari

Nimelivaa hata hivyo. Ningevaa nini?

Msimamizi alipita akikagua. Kwangu alisimama. Alinusa kwanza. Kisha akavuta kiwiko, sponji ikatoka kama nyama ya mkate. Hakunifokea. Ningefurahi angefoka. Akanionyesha stoo.

Nimebandika lebo mchana kutwa. Kuna moja nimeibandika kwenye shati langu, sikugundua hadi nyumbani. Imeandikwa: tikisa kabla ya kutumia. Kupitia dirishani nilimwona shemeji akipakia dawa za mlimani kwenye pikipiki. Alinipungia mkono. Kwa upole! Nikamwombea pancha.

Jumanne, 10 Februari

Shemeji ameanguka.

Kona ya machimbo, njia ya mlimani, kuna mchanga barabarani. Aliteleza hadi ukingoni. Simu ilipoingia stoo niliangusha chupa. Nilikimbia getini, nikasimama pale kama mjinga, nikirudisha ombi langu la jana.

Akaja na gari la mizigo, akashuka mwenyewe, akichechemea. Nyonga imevimba, basi. Jaketi la kijivu limesagika kiwikoni na mgongoni, pedi ngumu zimetokeza, zimechubuka. Ndani, mkono ni mzima, hauna hata mkwaruzo. Nikaushika, nikaugeuza, nikautazama tena. Akaniuliza natafuta nini. Nikaugeuza tena.

Mke wangu alifika, akalia begani kwake, kisha akahamia kwangu akalia tena.

Ijumaa, 13 Februari

Mke wangu na shemeji wameniletea jaketi. La wavu, la kijivu, saizi yangu. Pedi ngumu mahali pote. Shemeji mwenyewe alinifunga zipu, akarekebisha mikanda ili viwiko visiteleze. Nikasema asante. Ilitoka kwa shida, lakini ilitoka. Msimamizi amelikagua, amenirudishia mlima hadi nyonga ya shemeji ipone.

Nimekwenda na kurudi. Upepo unapita kama uko dirishani. Nilikuwa mpumbavu kiasi gani! Nimemwahidi mke wangu kwamba akili imenikaa sawa.

Jumamosi, 14 Februari

Kasoro moja tu. Ile pedi ya mgongoni. Penye pedi upepo haupiti, na mgongo wangu ni wa jasho.

Nimeichomoa. Nyuma yake kuna mfuko mzuri kabisa, ambao naona waliotengeneza jaketi hawakujua matumizi yake. Mfuko wa barafu unaingia kama umepimwa. Asubuhi mke wangu alinisindikiza getini, akanigonga mgongoni kwa vidole. Akasikia ugumu. Akatabasamu, mara ya kwanza wiki hii, akaenda zake kulala.

Ubaridi wa ajabu hadi kona ya machimbo. Nilipofika hospitali ya kwanza barafu ilikuwa imeyeyuka yote, mgongoni sina kitu, na suruali imelowa.

Kesho naweka mifuko mitatu. Nafasi ipo, nikitoa na pedi za mabegani.