Mashine ya Akiba Yahamia Kilabuni

Jumatatu, 3 Machi 2008

Leo mimi Akonaay, mlinzi wa kituo cha afya, nimepata akili. Chumba cha kompyuta kina mashine mbili. Fundi Kenneth, kijana wa Moshi, alinieleza kwamba zina anwani moja. Ya kwanza inapokea ujumbe wa zahanati za vijijini. Ya pili inamsikiliza mwenzake kupitia kiwaya kifupi cha bluu. Mwenzake akinyamaza, inashika anwani na kazi inaendelea. Nikamuuliza kama inalipwa pensheni. Hakucheka.

Inakaa tu! Kwetu ng'ombe wa ziada unamweka kwa rafiki. Anamlisha, anamkamua, nawe hukosi kibuyu. Rafiki yangu ni Patriki mwenye kilabu cha pombe. Mashine ya pili nimeibeba kwenye gunia la vitunguu saumu, nikaacha boksi tupu chini ya kitambaa chake cha kuzuia vumbi. Binti yangu Benedikta ana mimba kubwa kule Masieda. Mjukuu akija, pombe ya kumpokelea ipo.

Jumanne, 4 Machi

Patriki anaitumia kupigia nyimbo za kwaya. Walevi wanalia! Waya wa mtandao wa kituo unafika hadi kwake, jirani tu na uzio wetu. Alipoona tundu lake kwenye mashine, akachomeka. Taa zote kijani. Nimekunywa. Ng'ombe mzuri!

Alhamisi, 6 Machi

Kenneth anatoka jasho. Ujumbe mmoja unafika, mwingine unapotea. Amezima, amewasha, amebadili waya. Akaniamkia shikamoo, akasema ni kama mashine zote mbili zinajibu kwa anwani ileile, kila moja ikidhani mwenzake amekufa. Nikamjibu marahaba, hata wake wenza wako hivyo. Akataka kuikagua ya pili. Nikamwambia nimeona nyoka akiingia chini ya kitambaa. Alitoka kabla sijamaliza kusema ni mrefu kiasi gani.

Ijumaa, 7 Machi

Benedikta alishikwa na uchungu jana mchana. Nesi Letisia wa zahanati ya kwao alituma ujumbe kuomba gari la wagonjwa. Gari lilikuwa hapahapa, dereva Onesphory amelala ndani. Ujumbe haukufika. Wamemleta asubuhi kwa trekta. Mtoto alikuwa ameshakufa. Wa kiume.

Benedikta anatazama ukuta. Mama yake, Philomena, ameniuliza mimi mlinzi nalinda nini.

Nilipita kwa Patriki. Akalalamika kwamba jana mashine yangu ilileta maandishi katikati ya wimbo. Wateja walipiga kelele, akayafuta. Nikamuuliza yalisemaje. Akasema hakuwa na miwani.

Jumapili, 9 Machi

Jana tumezika. Mashine nimeirudisha, kiwaya cha bluu nimekichomeka mwenyewe. Kenneth anatangaza kwamba ameshinda tatizo. Nimemwacha. Kosa ni la mashine! Unamtangazaje mwenzako amekufa, hata kumchungulia hujamchungulia? Ng'ombe hana tabia hiyo.

Benedikta bado anatoka damu. Daktari Reginald ameamua kesho alfajiri gari limkimbize hospitali kubwa. Njia ni ndefu, mvua imeichimba, mawe yametokeza kama meno. Nimemwambia Philomena asihofu, gari nalilinda mimi.

Nimelizunguka kulikagua. Kumbe mgongoni lina tairi la tano. Jipya! Halikanyagi chini, halifanyi lolote, linakaa tu. Na mkokoteni wa Patriki umekosa tairi tangu Krismasi.

Spana ninayo.